LED Ni Volti Tatu Tu? Taa za Tangi la Samaki na Ule Waya wa Kijani Mnaoukata

Haya wasomaji, leo hakuna Linux wala habari za programu mpya. Leo nataka kugombana na watu.

Watu wenyewe ni wale wanaofuga samaki sebuleni na kupanda mimea ndani ya tangi, hasa wale wanaowashauri wenzao jinsi ya kuweka taa juu ya hilo tangi. Ushauri wao mnaujua. Usinunue taa ya akwariamu, huo ni wizi. Nenda mjini ununue ile taa bapa ya LED ya kumulika geti usiku, ile ambayo wenye maduka huiita fladilaiti. Ya wati 20 au 30. Ifunge plagi, ininginize juu ya maji, na mimea itaota mpaka ushangae. Mpaka hapo sina neno. Ugomvi wangu unaanzia kwenye maneno yanayofuata, ambayo nimeyasikia kwa watu wazima wenye akili zao: "Huo waya wa kijani na manjano ukate tu, hauna kazi. Hiyo ni LED, na LED ni volti tatu."

Maneno hayo yana makosa mawili, na kila moja linaweza kumlaza mtu chini asiamke.

Lakini nianze kwa kuwapa haki yao, mtu asije akasema nimetumwa na wauzaji wa taa za bei mbaya. Taa hizi zinakuza mimea, tena vizuri. Mmea hutumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 kujitengenezea chakula, na LED nyeupe, hata ile ya geti, ni chipu ya buluu iliyopakwa unga wa manjano, kwa hiyo inatoa buluu nyingi, kijani ya kutosha na nyekundu kiasi. Anubias na Vallisneria hazijui kama boksi la taa lilikuwa na picha ya samaki au picha ya geti. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 lina lita kama 65. Taa ya kweli ya wati 20, inayotoa lumeni 80 kwa kila wati, itakupa lumeni 1,600, yaani kama 25 kwa kila lita, na mimea ya kawaida itatosheka. Wanaoweka wati 50 juu ya tangi kama hilo kisha wakalia kwamba mwani umefunika vioo, wamejitakia. Wati 20, saa 6 hadi 8 kwa siku, rangi karibu na kelvini 6500, basi. Hapo tumemaliza habari za mimea. Ndiyo sehemu rahisi.

Sasa hiyo volti tatu.

Ni kweli kwamba LED moja nyeupe inahitaji volti kama 3. Lakini ni nani aliyekuambia ndani ya taa kuna LED moja? Fungua fladilaiti ya bei nafuu (ikiwa imechomolewa ukutani, tafadhali, si kuzimwa tu) na mara nyingi utaona bamba la alumini lenye LED nyingi zilizopangwa safu safu, na pembeni vidude vyeusi viwili vitatu. Transfoma haipo. Ile draiva nzuri, kisanduku kinachotenganisha umeme wa ukutani na umeme wa LED, haipo. Taa ya aina hii inatumia ujanja mwingine: inazifunga LED moja nyuma ya nyingine mpaka jumla yao ikaribie umeme wa ukutani wenyewe. Stima yetu ni volti 240, lakini hiyo ni namna ya wastani; wimbi lenyewe hufika karibu volti 340 kwenye kilele chake. Ukipanga LED 90, kila moja volti 3, unapata 270. Hivyo ndivyo taa inavyofanya kazi bila transfoma, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa rahisi.

Kwa hiyo volti tatu ni tofauti kati ya ncha mbili za LED moja. Kusema taa nzima ni ya volti tatu ni sawa na mtu aliye ghorofa ya kumi kusema kwamba kila kidato cha ngazi kina sentimita 20, kwa hiyo akiruka dirishani ataanguka sentimita 20.

Tuendelee kulichunguza hilo bamba. Njia za shaba zinazobeba umeme zimetengwa na alumini kwa utando mwembamba wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Alumini yenyewe imekazwa kwa skrubu kwenye mwili wa taa, na mwili wa taa ndio unaoushika unapoisogeza ili upunguze majani. Kati ya kidole chako na stima ya ukutani kuna kitu chenye unene wa karatasi. Skrubu iliyokwaruza, joto la miaka miwili, mvuke unaopanda kutoka kwenye maji mchana na usiku: kimoja kati ya hivyo kikishinda, mwili mzima wa taa unakuwa waya wa moto. Na taa itaendelea kuwaka! Hakuna moshi, hakuna harufu. Waandishi wa programu mnaijua hitilafu ya aina hii. Ni ile isiyotoa ujumbe wowote, mpaka siku data imeshapotea.

Kazi ya waya wa kijani na manjano ni hiyo. Unaunganisha mwili wa chuma na ardhi ili umeme ukitoroka ndani ya taa upate njia nyingine mbali na mkono wako. Hautumiki siku za kawaida, ni kweli. Mshipi wa kiti cha matatu pia hautumiki siku za kawaida.

Kuna vifaa ambavyo havihitaji waya huo, navyo vina alama yake: mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo maana yake kifaa kina vihami viwili, kimoja kikifa kingine kipo. Chaja ya simu inayo. Taa ya mwili wa chuma yenye nyaya mbili tu na isiyo na alama hiyo ni taa ya kurudishiwa mwenye duka. Nilifanya hivyo katika duka moja mjini, nikaambiwa kwa upole kwamba "hizi za kisasa hazihitaji athi". Nikamwomba anionyeshe mraba ndani ya mraba. Akanionyesha bei.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu wengi wanajidanganya hapa pia. Watu husema: kama stima ingekuwa inaingia kwenye maji, samaki wangekufa kwanza, ningejua. Hapana. Tangi ni la kioo, na kioo hakipitishi umeme. Limekaa juu ya meza ya mbao. Waya wa moto ukigusa maji hayo, maji yote yanapanda hadi volti 240 dhidi ya ardhi na hakuna kinachotokea, maana mkondo hauna pa kwenda. Samaki yumo ndani ya volti 240 kama ndege aliyetua kwenye waya wa stima barabarani. Anaogelea. Anakula. Anasubiri wewe uje na miguu mitupu juu ya saruji, uingize mkono kung'oa jani lililooza, na hapo ndipo mkondo unapata pa kwenda. Samaki si kipimo cha stima, jamani. Tuache.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwili wa mtu mwenye mkono uliolowa, tuseme una ukinzani wa omu 1,000. Volti 240 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.24, yaani miliampea 240. Kwenye miliampea kama 10 misuli ya mkono inaanza kukataa kuachia. Kwenye 30 na zaidi, ikiendelea, pumzi na moyo viko hatarini. Wewe una 240.

Na breka ya ukutani inafanya nini wakati huo? Haifanyi kitu. Breka ya soketi hukatika mkondo ukizidi ampea zilizoandikwa juu yake, mara nyingi 20 au 32. Fyuzi ya plagi ni ampea 13. Wewe unakufa kwa robo ya ampea moja. Breka na fyuzi viliwekwa kuzuia nyaya zisiungue na nyumba isishike moto. Hakuna aliyeviambia kuhusu wewe. Na kile kisanduku cha kulinda friji ambacho watu huchomeka tangi zima wakajiona salama? Kinaangalia volti zikipanda au zikishuka sana, na kinachelewesha umeme unaporudi baada ya kupotea. Kinalinda friji. Jina lake lilisema hivyo tangu mwanzo.

Sasa naomba msomaji anifuate polepole, maana kuna watu wa upande wangu nao nataka kugombana nao. Ni wale wanaosema: funga waya wa ardhi, basi, umemaliza. Hujamaliza. Nyumba nyingi hutegemea nondo iliyopigwa ardhini karibu na mita, na udongo si shaba. Chukulia kwamba njia yote kupitia nondo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo ambalo kwenye udongo mkavu wala si ajabu. Mwili wa taa umeshika moto. Volti 240 gawanya kwa 50 ni ampea 4.8. Fyuzi ya 13 inaziona ampea 4.8 kama birika dogo la chai. Haikatiki. Breka ya 32 haikatiki. Mwili wa taa unabaki na karibu volti zote, na waya wako wa ardhi, uliofungwa vizuri kabisa, unapasha udongo joto.

Ndiyo maana kuna RCD. Wasomaji wa kurasa hizi mtaipenda, kwa sababu ni programu ndogo sana iliyoandikwa kwa shaba. Waya wa moto na waya wa nyutro vyote vinapita ndani ya pete moja ya chuma. Mkondo unaotoka kwenye waya wa moto unatakiwa urudi wote kupitia nyutro. Vikiwa sawa, vinafutana, pete haihisi kitu. Visipokuwa sawa, maana yake kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, labda kupitia udongo, labda kupitia wewe. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Ni hesabu ya kuhakiki kama ile tunayofanya tukipakua faili: kilichotoka, kilichofika, je, vinalingana? Haiulizi taa ni ya wati ngapi wala imetoka nchi gani. Kwa kiwango chake cha miliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3, na kwa mara tano ya hapo ndani ya sekunde 0.04. Zile ampea 4.8 ambazo fyuzi ilizidharau, kwa RCD ni mara 160 ya kinachotakiwa.

Basi, mtasema, tununue RCD na tuukate waya wa kijani tukiwa na amani. Hilo ndilo kosa la pili, tena linafanywa na watu wanaojua mambo. Bila waya wa ardhi, mwili wa taa ukishika moto hakuna mkondo unaotoroka, kwa sababu taa inaning'inia kwenye uzi au mnyororo juu ya meza ya mbao. Kilichotoka na kilichorudi vinalingana. RCD inasubiri. Inamsubiri mtu wa kwanza atakayeigusa taa, ndipo itaona tofauti, ndipo itakata. Huenda ukapona, lakini umepigwa, na labda umevuta tangi likakuangukia. Ukiwa na waya wa ardhi, RCD inakata sekunde ileile kihami kinapokufa, saa nane usiku, wewe umelala. Asubuhi unakuta taa haiwaki na unalalamika.

Kwa lugha yetu: kimoja ni hitilafu inayokamatwa wakati wa kukusanya msimbo, kingine ni hitilafu inayogunduliwa na mteja. Na mteja mwenyewe ni mtoto wako anayewapa samaki chakula.

Kuna wanaonijibu kwamba wamekaa na taa ya nyaya mbili miaka mitano na hawajafa. Najua. Wote wanaoweza kunijibu hawajafa. Mimi pia ninawajua watu walioendesha seva miaka mitano bila kuhifadhi nakala, na walikuwa na fahari ileile mpaka diski ilipolia. "Kwangu inafanya kazi" haikuwahi kuwa hoja kwenye programu, na haiwi hoja kwa kuwa sasa kuna maji.

Halafu kuna lile la "kanatekenya kidogo tu, ni kawaida". Wenye laputopu za mwili wa chuma mnakajua: ukiichaji kwa plagi isiyo na ardhi, ukipitisha kidole mgongoni mwake unahisi kama mchanga unaotetemeka. Hicho ni kiasi kidogo kinachovuja kupitia kapasita za kuchuja kelele, na kwenye laputopu nzima kimewekewa mpaka ili kisiumize. Taa yenye draiva ya kweli na isiyo na ardhi nayo inaweza kutekenya vilevile. Lakini kidole chako hakiwezi kutofautisha mvujo wa kapasita na mwanzo wa kihami kinachokufa, wala testa ya bisibisi haiwezi, maana kataa kake kanawaka kwa vyote viwili. Kutekenya ni taarifa kwamba waya wa ardhi haupo. Soma taarifa.

Ukiniuliza nifanyeje, nitakujibu kwanza kwa njia ambayo inawaudhi wengi kwa sababu haina ushujaa: usipeleke volti 240 juu ya maji kabisa. Kuna fladilaiti za volti 12, zinauzwa kwa ajili ya sola, mwili uleule, LED zilezile. Chukua adapta nzuri ya volti 12 yenye ule mraba ndani ya mraba, iweke ukutani mbali na mahali maji yanaporuka, na juu ya tangi pande waya wa volti 12 peke yake. Taa ya wati 20 itavuta ampea kama 1.7, waya wa milimita mraba 1 unatosha kwa mita mbili tatu na hutaona upungufu wa mwanga. Ikitumbukia majini umeharibu taa. Ni hivyo tu. Sielewi kwa nini hii si njia ya kwanza kutajwa, isipokuwa kwamba ya volti 240 iko kwenye kila duka na ya 12 inabidi uiulizie.

Ukishikilia ya 240, basi fanya kama mtu mwenye familia. Angalia rangi za nyaya na usizikisie: kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani na manjano ni ardhi. Kwenye nyumba za zamani utakuta nyekundu ndiyo moto na nyeusi ndiyo nyutro. Lakini kwa Wamarekani nyeusi ndiyo moto, na taa hizi hutengenezwa kwa ajili ya dunia nzima. Ukikuta waya mweusi, pima. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3. Taa ya wati 20 inavuta chini ya ampea 0.1, na ile fyuzi ya 13 iliyokuja ndani ya plagi imewekwa kwa ajili ya pasi na birika.

Kiungo ndicho kinachonikera kuliko vyote. Taa huja na waya mfupi, sentimita 30 hivi, na watu huuongeza kwa kusokota na kufunga tepu, kisha kiungo kinaning'inia juu ya maji yanayotoa mvuke saa 24. Halafu wananionyesha kwamba taa imeandikwa IP65! Hiyo 65 ni ya mwili wa taa: haiingizi vumbi, na imestahimili maji ya bomba jembamba, lita 12.5 kwa dakika. Haisemi lolote kuhusu tepu yako. Wala haisemi taa inaweza kuzama. Hiyo ni 7 mwishoni, mita moja kwa dakika 30. Kiungo kiwe ndani ya kisanduku cha plastiki kisichoingiza maji, chenye konekta za kukaza kwa skrubu na njugu za mpira zinazobana waya, na kisanduku kiwe ukutani, si juu ya kifuniko cha tangi. Taa yenyewe ikazwe au ining'inizwe kwa mnyororo wa chuma. Waya wa stima si kamba ya kuninginizia. Weka kioo juu ya tangi. Na waya wowote unaotoka kwenye tangi, uwe wa taa, pampu au hita, ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani ya soketi. Ekstensheni iliyolala sakafuni chini ya tangi sitaizungumzia, presha yangu itapanda.

Wenzangu wenye vibodi vya ESP8266 na rilei za kuwasha taa kupitia simu: rilei ikate waya wa moto, sio nyutro. Ukikata nyutro, taa itazimika na ndani yake bado kuna moto, na wewe utaigusa ukidhani imezimwa. Na hicho kibodi kikae ndani ya kisanduku kilichofungwa. Nimekiona kimebandikwa kwa gundi nyuma ya tangi, njia za volti 240 ziko wazi, kwenye kazi ya mtu ambaye msimbo wake ulikuwa msafi ajabu.

Wapangaji mtaniuliza: RCD nitaiweka wapi na ubao wa stima ni wa mwenye nyumba? Kuna RCD za kuchomeka, unaichomeka kwenye soketi na tangi zima linachomekwa kwake, pamoja na hita na pampu, ambazo ziko ndani ya maji kabisa na hakuna anayezitaja. Ukihama unahama nayo. Kama nyumba ni yako, iwekwe kwenye ubao na fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwulize kama ni aina ya A, maana vifaa vya kielektroniki vinaweza kuvujisha mkondo wa upande mmoja ambao aina ya zamani, AC, haiuoni vizuri. Waingereza walitupa plagi yao ya miguu mitatu, iliyoanza 1947, tukaikumbatia. Tangu 2008 kanuni zao za nyaya zinataka ulinzi wa miliampea 30 kwa soketi za kawaida za nyumbani. Sehemu hiyo hatukuikumbatia kwa haraka ileile.

Na plagi ya miguu mitatu haimaanishi kuna ardhi. Kuna majengo ya kupangisha ambayo tundu la juu la soketi halina waya wowote nyuma yake, limewekwa kwa sababu soketi inauzwa hivyo. Kale kadude ka kuchomeka chenye taa tatu kanaweza kukuambia kama waya upo. Hakakuambii kama ile nondo ni ya omu 5 au 500. Kwa hilo mwite fundi mwenye kipimo chake.

RCD ina mipaka yake pia. Ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama kwenye mbao, itakuona kama taa nyingine tu, na hesabu zitalingana. Kwa hiyo chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono, hata kama una kila kitu nilichotaja. Kile kitufe chenye herufi T kibonyeze kila mwezi, siku unayobadilisha maji. Kisipokata, itupe. Kikikata, jua umepima RCD peke yake: kitufe kinatengeneza mvujo wa bandia ndani yake yenyewe, na hakigusi waya wako wa ardhi hata kidogo. Kitufe kitakata vizuri kabisa kwenye nyumba isiyo na nondo.